Mstari wa Mwisho wa Kila Ukurasa

Waliokufa hutajwa kwa wema, na mimi nitajaribu. Lakini nilikaa na mtu huyu miaka mingi mno kuweza kumtaja kwa wema peke yake. Yeye mwenyewe, kama angeipata karatasi hii, angeanza kutafuta makosa ya herufi kabla hajauliza inamhusu nani.

Tulimwita Fundi. Kwetu sisi watu wa asili ya Komoro fundi ni mwalimu, yule anayekukalisha chini akakufundisha Kurani au elimu yoyote. Kwingine katika pwani hii fundi ni anayetengeneza vilivyoharibika. Yeye alikuwa yote mawili: alitufundisha kupiga taipu, na taipureta ikikwama aliifungua mwenyewe. Jina lake nalijua, nimelipiga mara nyingi chini ya barua zake, lakini sitaliandika hapa. Wajukuu zake wanatembea mjini Andoany, kisiwani Nosy Be, na hawana kosa lolote.

Niseme pia kwamba maneno yake ninayoyaandika hapa kwa Kiswahili hakuyasema yote kwa Kiswahili. Tulizungumza Kimalagasi cha kaskazini-magharibi, Kikomoro nyumbani, Kifaransa mbele ya maofisa. Kiswahili kwake kilikuwa akiba ya maneno aliyoyaokota kwa wazee wa kijiji cha Marodoka: forodha, nahodha, waraka, amana, radhi. Aliyatumia machache machache, na kila alipoyatumia tulijua anasema jambo zito.

Nilimjua kwanza kwa mikono yake. Nilikuwa na miaka kumi na minane, huko Mahajanga, mji wa bara, mtaa wa Mahabibo, ambako alikuwa na chumba chenye taipureta sita na mabenchi mawili. Kabla ya kugusa mashine alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akazitazama kucha zake moja moja. Na sisi wanafunzi tulifanya vivyo hivyo. Kisha alitufunika vidole kwa kitambaa ili tusiweze kuziangalia herufi, akaanza kutusomea maneno. Hakumpiga mtu hata siku moja. Alipita nyuma yako, akasimama, na kama ameona herufi iliyokosewa aliichomoa karatasi kwenye mashine, akaichana vipande viwili, akasema neno moja tu: “Upya.” Niliwahi kuandika barua ileile mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili aliisoma yote, akaiweka mezani, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Mtu akijitetea kwamba herufi imejibonyeza yenyewe, au kwamba utepe umechakaa, alikuwa na jibu moja ambalo kila aliyepita kwake analijua: “Mashine haikosei. Anayekosea amekaa mbele yake.”

Basi kwa mujibu wa kanuni hiyo, yeye naye aliyekaa mbele ya mashine maisha yake yote alipaswa kukosea mara mojamoja. Hakukubali. Kwa harusi moja pale Andoany alichapa kadi za mwaliko zenye siku na tarehe zisizolingana: ziliandikwa Alhamisi, na tarehe ikawa ya Ijumaa. Nusu ya wageni walifika Alhamisi, wakakuta mama wa bibi harusi anafua mapazia. Baba wa bibi harusi akaja dukani na kadi mkononi, amefura. Fundi aliisoma kadi taratibu, kama ni mara yake ya kwanza kuiona.

“Tarehe si iko sawa?” aliuliza.

“Tarehe iko sawa, Fundi, lakini siku—”

“Basi mtu anayesoma kadi anasoma tarehe. Siku ni pambo.”

Yule mzee alibaki mdomo wazi, kisha akacheka, na mjini wakaicheka hadithi hiyo miaka mingi. Hata mimi niliicheka. Sikujua kwamba kile tulichokuwa tunakicheka siku moja kitanifika mimi.

Sasa niseme lile ambalo kila mtu humsifia, maana ni kweli, na sitaki isemekane kwamba nimelificha.

Siku watu wetu walipouawa Mahajanga, nyumba kwa nyumba, Fundi alifichwa na jirani yake, mama mwenyeji wa Kisakalava aliyekuwa akiuza makaa. Sisi kwetu tulikuwa tumekimbilia kambi ya askari. Kwenye chumba chake cha taipureta, ndani ya sanduku la bati, kulikuwa na vyeti vya watu: vya kuzaliwa, vya ndoa, vibali vya kukaa, vyote vilivyoachwa kwake ili avinakili. Siku ya pili, moshi haujatulia, alimwomba yule mama gunia. Akaenda Mahabibo kwa miguu. Chumba kilikuwa kimeshavunjwa na taipureta zimebebwa au zimepondwa, lakini sanduku lilikuwa chini ya benchi. Alivitia vyeti ndani ya gunia, akaweka makaa juu yake, akalibeba kichwani. Njiani alisimamishwa na vijana wenye marungu.

“Umebeba nini?”

“Makaa,” aliwajibu kwa Kisakalava safi. “Mnataka kununua?”

Wakamwacha. Vyeti vyake mwenyewe, vilivyokuwa nyumbani kwake, viliungua vyote. Vya watu alivirudisha kimoja kimoja, vingine Mahajanga, vingine Nosy Be, kimoja alikipeleka mpaka Komoro kwa mkono wa msafiri, kwa sababu mwenye cheti alikuwa amesafirishwa huko pamoja na wengine wengi. Mama yangu alipopewa cheti changu cha kuzaliwa, chenye vumbi jeusi kwenye mikunjo, alikibusu kisha akaibusu mikono ya Fundi. Nilikuwepo. Sijasahau.

Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu wa hovyo tangu mwanzo, ningemsahau.

Alihamia Nosy Be, ambako alikuwa na ndugu Marodoka, na sisi tukahamia kwa shangazi pale Andoany. Siku moja napita karibu na soko, namwona kwenye baraza ya duka la vitambaa, ana meza, kiti, na taipureta moja ya zamani. Nilimwamkia kama tunavyowaamkia wakubwa, “Kwezi, Fundi.” Hakuniuliza habari za nyumbani wala za safari. Alisema, “Nawa mikono.” Nikanawa kwenye ndoo ya mwenye duka, nikakaa, akaanza kunisomea barua ya mteja. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi kwake. Nilidumu miaka ishirini.

Alikuwa mgumu wa maneno na mwepesi wa matendo. Mama yangu alipofariki alifunga baraza siku tatu, akaja kukaa na wanaume wa matanga, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne nilipofika kazini nilikuta ameniwekea kiti kipya chenye mto. Nilipojaribu kushukuru alinikatiza: “Barua ya mzee wa bandarini inangoja.” Barua za matusi hakuziandika. Mtu akija na hasira kutaka kumtukana ndugu yake kwa maandishi, Fundi alisikiliza yote, akaitikia, kisha akaandika barua ya salamu na kumsomea mteja ileile aliyoitaka. Wengi hawakujua kusoma. Sijui udanganyifu wa namna hiyo ulipatanisha watu wangapi kisiwani. Nilikuwa nauona kuwa ni hekima. Siku hizi najiuliza kama hakuwa anajizoesha tu kutamka jambo moja na karatasi ikisema jingine.

Kompyuta ilikuja katika miaka ya tisini, imetumwa na mwanawe aliyekuwa Réunion. Ilikuwa ya mezani, nzito, imetumika, pamoja na printa ya sindano iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani. Tulikuwa tumeshahama barazani, tuna chumba chetu. Fundi wakati huo alikuwa mtu mzima wa mvi tupu, na nilidhani ataichukia. Badala yake alinunua kitabu cha maelezo cha Kifaransa, akakisoma na penseli sikioni, akaijua ile mashine kabla yangu. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kile kidude cha mkononi kinachoitwa panya. Panya wa kweli walikuwa wamemlia karatasi nyingi Marodoka, na hakuwa tayari kumshika mmoja kila siku. Alikiita sabuni. “Sogeza sabuni,” alikuwa akiniambia. “Bonyeza sabuni mara mbili.” Wateja walikuwa wakitutazama kama vichaa. Ndani ya droo aliweka karafuu ili sisimizi wasiingie kwenye vitufe, na jioni aliifunika mashine kwa leso ya mkewe.

Printa ya sindano ilipokufa, mwanawe alituma nyingine, ya wino, ya kimyakimya. Ilikuja na diski ya programu yake. Tuliiweka programu, tukachapa barua moja kujaribu, ikatoka nzuri, nyeusi kabisa, iliyonyooka. Fundi aliishika juu ya mwanga kama mtu anayekagua hariri. Tulifurahi siku hiyo kama watu waliopata mtoto.

Muda si mrefu ikaja kazi ya orodha.

Ofisi moja ya bara ilikuwa imetangaza kwamba familia ambazo vyeti vyao viliteketea Mahajanga zilete majina, zipewe vyeti vya uraia upya. Watu walikuwa wamehangaika miaka ishirini na zaidi. Kulikuwa na waliozaliwa hapa, baba zao wamezaliwa hapa, na bado wakienda ofisini wanaambiwa hawajulikani. Muda uliotolewa ulikuwa mfupi. Kamati ya msikiti ikakusanya majina, na kazi ikaletwa kwa Fundi, kwa nani tena? Mimi ndiye niliyepiga: kila familia mstari mmoja, jina la mkuu wa nyumba, mke, watoto. Fundi hakupenda kupoteza karatasi, kwa hiyo tuliujaza kila ukurasa mpaka chini kabisa. Kurasa tisa. Tuliisoma orodha pamoja kwenye skrini, yeye akitaja, mimi nikifuata kwa kidole. Hakuna jina lililokosekana. Kisha tukachapa, tukatia kwenye bahasha, na mwenyekiti wa kamati akapanda nayo boti mpaka Antsahampano upande wa bara, akaendelea kwa gari.

Baada ya kuchapa hatukuisoma tena. Nalikubali hilo. Lilikuwa kosa letu sisi wawili.

Vyeti vilikuja baada ya miezi. Familia nane hazikupata. Mojawapo ilikuwa ya Mama Zaliha, aliyekuwa akiuza mikate ya mchele karibu na bandari. Binti yake Zaliha alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuo cha wauguzi na nafasi yake ilikuwa inasubiri cheti kimoja tu, hicho cha uraia. Ofisi iliwajibu kwamba majina yao hayakuwemo na muda umekwisha. Nafasi ya Zaliha akapewa mwingine.

Nina jambo la kuongeza, maana bila hilo hamtaelewa. Mimi na Mama Zaliha tulikuwa hatusemezani. Kaka yangu alikuwa ameuvunja uchumba wake na dada mkubwa wa Zaliha, na maneno yaliyosemwa baina ya nyumba zetu yalikuwa mabaya. Mji mzima ulijua.

Alikuja dukani asubuhi, na Zaliha nyuma yake, na watu wengine wa zile familia nane, na nakala ya orodha ambayo mwenyekiti aliirudisha kutoka bara. Aliitandaza mezani kwa Fundi.

“Nionyeshe jina langu,” alisema.

Fundi alifunua kurasa zote tisa. Jina halikuwepo. Aliniangalia.

“Echati. Uliliandika?”

“Nililiandika, Fundi. Tuliisoma pamoja.” Nikawasha kompyuta, nikaifungua orodha. “Hili hapa. Mama Zaliha, njoo uone. Mstari wa mwisho, ukurasa wa tatu. Na hili hapa la mzee Bakari, mwisho wa ukurasa wa tano. Yote yamo!”

Mama Zaliha hakuja hata kutazama. “Umeyaandika jana,” alisema. “Ulipojua tumenyimwa.”

“Wallahi sikuyagusa! Fundi, tuchape sasa hivi, mbele yao. Tuchape ukurasa wa tatu tuone unatoka vipi.”

Nilikuwa nimeshaupeleka mkono kuiwasha printa. Fundi aliinyoosha mikono yake, ile mikono safi, akaizima kompyuta.

“Mashine haikosei,” alisema.

Hakuongeza yale maneno mengine. Hakukuwa na haja. Kila mtu mle chumbani alikuwa anayajua, na kila mtu aliniangalia mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake.

Zaliha ndiye aliyelia. Mama yake hakulia. Aliokota orodha yake, akaikunja, akaniambia taratibu kabisa, “Ungenipiga mimi. Mtoto huyu alikukosea nini?”

Walipoondoka nilimwambia Fundi tuichunguze printa. Alinipa mgongo, anaitandika ile leso juu ya mashine.

“Nenda nyumbani,” alisema. “Nitakuita.”

Nilikaa nyumbani nikisubiri. Sokoni wanawake walikuwa wananyamaza nikipita. Muuza samaki aliyekuwa akiniuzia tangu nifike kisiwani alidai hana samaki, na samaki wamelala mbele yake. Shangazi yangu aliniuliza mara moja tu, usiku wa kwanza, “Hukufanya, si ndiyo?” na ule mkato wa mwisho wa swali lake ndio ulionifukuza Nosy Be. Wiki ya tatu Fundi alikuwa hajaniita. Nilifunga mizigo nikavuka kwenda Antsahampano, nikarudi Mahajanga, mji ambao tuliukimbia, kwa kuwa hapo angalau hakuna aliyenijua.

Nilipata kazi ya ukarani kwenye shule moja ya binafsi. Nilikuwa na kompyuta yangu na printa yangu ya wino, na miaka miwili ilipita bila jambo. Kisha ile printa ikaharibika, ikaletwa nyingine na diski yake. Siku moja nachapa orodha ya wanafunzi, mwalimu mkuu ananiambia kila darasa limepungukiwa na mtoto mmoja.

Niliifungua orodha: watoto wote wamo. Nikachapa: wa mwisho hayupo. Nikachapa tena. Hayupo. Nilianza na waya, nikauchomoa na kuurudisha. Hayupo. Nikabadilisha karatasi, nikatoa wino na kuurudisha, nikasafisha zile roli kwa pamba na spiriti. Hayupo. Nikaifuta programu ya printa na kuiweka upya kutoka kwenye diski, nikasubiri, nikachapa. Hayupo. Mwalimu mkuu aliniambia niache, ataita mtu. Nilimwomba aniache mimi. Nadhani aliniona nimepagawa.

Siku ya pili nikaanza kufungua kila dirisha la ile programu, moja baada ya jingine, nikisoma kila neno, hata nisilolielewa. Ndani kabisa, mahali ambapo mtu hana sababu ya kufika, palikuwa na ukubwa wa karatasi. Sisi huku tunatumia karatasi ya A4. Ile programu ilikuwa imejiwekea karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo lakini fupi, fupi kwa upana wa kidole gumba. Kompyuta ilikuwa inapanga maandishi kwa karatasi ndefu, printa inaamini kwamba karatasi imeishia juu zaidi, na chochote kilichoangukia chini ya hapo inakitupa bila kusema. Hakuna onyo wala taa nyekundu. Barua fupi inatoka nzima. Ukurasa uliojaa unapoteza mstari wake wa mwisho.

Nikabadilisha, nikachapa, mtoto akatokea. Nikazima mashine kwa furaha. Kesho yake asubuhi nikawasha, nikachapa, hayupo tena. Programu ilikuwa na kasoro: kila ikizimwa inarudi kwenye karatasi yake ya Kimarekani. Hata ukiiambia mara mia, asubuhi imesahau.

Kurasa nane zilizojaa. Familia nane. Ukurasa wa tisa haukujaa, haukupoteza mtu.

Nilikaa pale nikalia, kisha nikamwandikia Fundi barua ndefu, yenye maelezo yote, dirisha kwa dirisha. Nilimwambia: sikulaumu, hatukujua. Waambie tu. Niliisoma mara tatu ili asipate kosa la herufi. Hakunijibu. Nikamtetea moyoni: labda haikufika, labda amezeeka, labda hakuelewa. Nilimtetea hivyo miaka mingi.

Mara ya mwisho nilimwona alipokuwa anajiandaa kwenda Hija. Wanawe walikuwa wamemlipia. Shangazi aliniletea habari kwamba anawaaga watu, anaomba radhi kama ilivyo desturi kwa anayesafiri safari hiyo, na kwamba alikuwa ameuliza kama nitakuja. Nikavuka.

Nilifika asubuhi, watu hawajakusanyika. Alikuwa dukani, kwenye kile chumba chetu, mwembamba sana ndani ya kanzu. Ile kompyuta ya zamani bado ilikuwepo, haitumiki, imefunikwa. Aliniuliza safari ilikuwaje, akataka niletewe chai. Akatoka kumwita mkewe, na mimi, kwa mazoea tu, nikainua ile leso.

Juu ya kifuniko cha printa palikuwa pamebandikwa karatasi iliyogeuka manjano. Mwandiko ulikuwa wake, ule uliosimama wima kama askari. “Kila asubuhi kabla ya kazi: weka karatasi iwe A4. Ukisahau, mstari wa mwisho wa kila ukurasa unapotea.” Chini yake tarehe. Fundi hakuandika kitu chochote maishani mwake bila tarehe.

Aliporudi alinikuta nimesimama hapo. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akavua miwani.

“Hii tarehe, Fundi,” nilisema. “Ni siku nne baada ya kunirudisha nyumbani.”

“Naam.”

“Ulijua.”

“Niliichunguza siku tatu. Ya nne nikaiona.” Alikaa. “Echati, mwanangu. Watu walikuwa wananiletea karatasi zao kwa sababu hawakuwa na shaka na mimi. Tangu Mahajanga. Ningewaambia nini? Kwamba na zile nyingine zote waende wakazikague?”

“Ungewaambia kwamba si mimi.”

“Ulikuwa umeshaondoka.”

“Niliondoka wiki ya tatu. Wewe ulijua siku ya nne.”

Chai ililetwa, ikapoa. Nilimuuliza kama barua yangu ilimfika. Akaitikia kwa kichwa. Nilimuuliza kama alimaliza kuisoma.

“Haikuwa na kosa hata moja,” alisema, na nilitamani asingelisema hilo.

Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Leo alasiri,” alisema, “mbele ya watu wote, nitasema. Siwezi kwenda kule na amana hii. Kaa na wanawake usikilize.”

Nilimwamini. Nilikuwa na miaka hamsini na zaidi, na nilimwamini kama yule msichana aliyefunikwa vidole kwa kitambaa.

Alasiri ua ulijaa. Wanaume walikaa nje juu ya mikeka, sisi wanawake ndani, karibu na madirisha. Zaliha alikuwepo. Mama yake alikuwa ameshafariki. Yeye sasa alikuwa anashona nguo, vidole vyake vimejaa matobo madogo ya sindano, na aliponiona alisogea akanipa nafasi kwenye mkeka wake. Hatukuwa tumesalimiana kwa miaka yote hiyo. “Karibu,” alisema tu. Nilifikiri: muda mchache ujao atajua.

Fundi alisimama. Alianza kwa kumshukuru Mungu, akawashukuru wanawe, akawataja waliotangulia. Macho yake yalipita kwenye dirisha letu, yakanipata, yakakaa.

“Nimeishi nanyi miaka mingi,” alisema. “Mtu hawezi kukaa na watu asiwakosee. Kama kuna niliyemkosea, kwa ninalolijua na nisilolijua, naomba radhi. Niwieni radhi.”

Akakaa chini.

Basi. Hakuwa na zaidi. Ua mzima ukaitika kwa sauti moja, wazee kwa vijana, “Tumekuwia radhi, Fundi! Tumekuwia radhi!” Watu walikuwa wanalia. Mtu mmoja alisema kwa nguvu kwamba kama kuna ambaye hana haja ya kuomba radhi ni huyu, aliyebeba vyeti vyetu chini ya makaa, na wote wakaitikia tena. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amepata alichokitaka, kwa jumla, bila kutaja kitu.

Na Zaliha, kando yangu, alikuwa ameinuka nusu ili sauti yake imfikie. Machozi yalikuwa yanamtiririka. “Tumekuwia radhi, Fundi wetu!” aliita. “Nenda salama!”

Imamu akainua mikono, watu wote wakainua yao, dua ikaanza. Mimi mikono yangu haikuinuka. Nilimshika Zaliha kwenye kiwiko.

“Njoo nje kidogo,” nilimwambia.

“Sasa hivi? Wanaomba dua.”

“Sasa hivi.”

Alinitazama usoni, akaona sina mzaha, akavaa viatu. Tulitoka kwa mlango wa jikoni, kabla watu hawajasema amina.